Kiazi kwenye mfereji wa mpunga: niliyosema kwa wakulima wa Uporoto na Usangu

Wengi mliokuwepo mmeniomba niandike yale niliyoongea siku ya mkutano wetu wa watumia maji, watu wa juu kwenye milima ya Uporoto na watu wa chini kwenye bonde la Usangu, hapa Mbeya, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza tu salamu na pale mvua ilipotukatiza.

Shikamooni wazee wangu. Kamwene ndugu zangu mliopanda na gari asubuhi yote kutoka Usangu. Mwenyekiti asante, mheshimiwa diwani asante kwa kukaa na sisi mpaka mwisho maana najua una vikao vingine.

Wengi hapa mnanijua, na msionijua mimi mnamjua marehemu baba. Nimezaliwa huku huku juu, upande wa Ilungu, nimekua kwenye viazi, nimekwenda shule na mikono ina udongo mweusi wa Uporoto, afu nikaolewa Igurusi, kule Usangu, na mpaka leo nalima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji. Kwa hiyo haya maji nayajua pande zote mbili, nimeyanywa huku yakiwa baridi yanauma meno, na kule chini nayapokea yakiwa rangi ya chai ya maziwa.

Nianze na mfereji. Kila mwaka kabla hatujasia mbegu sisi wa chini tunaitwa kufukua mfereji, kila mwenye shamba anapewa kipande chake, usipotokea unapigwa faini au unaweka kibarua kwa hela yako. Ukiingia tope linafika magotini, kuna sehemu linafika mapajani, na ni tope zito, ukilitupa na koleo linarudi. Mwaka jana nikiwa kwenye kipande changu nikagusa kitu na mguu, nikainama nikakitoa, ni kiazi mbatata, kidogo kama yai la kanga, kimeshaanza kuota, na pembeni yake kipande cha mfuko wa mbolea maandishi bado yanasomeka. Sasa kule kwetu hakuna mtu analima viazi, joto lile kiazi hakikubali. Kile kimetoka huku. Nikakishika nikasimama nacho muda mrefu mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini, mimi nawaza tu kwamba hiki kinaweza kabisa kuwa cha kaka yangu, na tope lote hili nililosimama ndani yake linaweza kuwa shamba la baba.

Yaani kaka yangu amepoteza udongo na mbolea aliyonunua, na mimi nimepoteza siku nne nautoa huo huo udongo kwenye mfereji. Wote wawili tumelipa, na mwakani tutalipa tena. Kwa hiyo mtu akiniambia hela ya kuhifadhi mto hamna, mimi namwambia hela tayari inatoka, kila mwaka, ila inatokea upande ambao haiponyi kitu.

Hilo ndilo nililopanda kulisema leo: kazi ya kuzuia udongo usiende mtoni haiwezi kuwa mzigo wa mkulima wa mlimani peke yake. Serikali iweke sehemu yake, tunaotumia maji chini tuweke sehemu yetu, na mwenye shamba aweke ya kwake.

Nitawaambia kwanini nasema hivi, na nitamtumia baba maana hawezi kunikasirikia. Mnakumbuka kuna mradi ulikuja huku zamani, siutaji jina, wakatufundisha makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kukatisha mteremko, na kila aliyekwenda kuchimba analipwa posho ya siku. Watu walichimba kwa bidii kweli. Posho ikaisha, magari yakaondoka, na baada ya misimu miwili baba akayafukia makinga yake yote na jembe akapanda viazi juu yake. Nilikuwa msichana, nikamuuliza, baba kwanini unayabomoa na bwana shamba alisema yanasaidia? Akasimama, akanionyesha kwa mkono, hapa, hapa na pale, mistari mitatu mizima ya viazi imekuwa nyasi na mtaro, akasema hii ndo ada yako ya shule, mwambie bwana shamba akulipie.

Baba hakuwa mjinga wala mkaidi. Alijua udongo unaondoka, aliuona ukipita mlangoni kila mvua ya Machi. Lakini hasara ya ile mistari ilikuwa ya mwaka ule ule, na faida ilikuwa ya miaka mitano mbele, na nusu ya hiyo faida inashuka na mto inakwenda kwa mtu asiyemjua. Ukimpa mtu hesabu kama hiyo usishangae akichukua jembe.

Na hata matuta ya viazi kulimwa yakishuka na mteremko, wataalamu wanapenda kutulaumu, lakini muulize mkulima yeyote wa huku atakwambia maji yakisimama kwenye tuta kiazi kinaoza, ndo maana tunayaacha yakimbie. Ni kweli kabisa. Dawa yake ipo: unapima mstari wa kontua, yaani wa kukatisha mteremko, unaoinama kidogo sana ili maji yatembee bila kukimbia, lakini kupima hivyo kunataka mtu wa kukaa na wewe shambani siku nzima, na siku nzima ya mtaalamu nayo ni gharama, lazima kuwe na anayeilipa.

Sasa tuje kwenye ruzuku, maana neno hili huku halitutishi tena. Tarehe 8 Agosti 2022, pale viwanja vya John Mwakangale, Nanenane, Mheshimiwa Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea hapa hapa Mbeya kwetu. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 uliokuwa umepanda kupita laki moja ukashuka mpaka 70,000. Tukajiandikisha, tukapewa namba, tukaenda kwa wakala na namba zetu tukachukua mbolea. Mimi nashukuru, sisemi kwa kujikomba, nashukuru maana mwaka ule bila ile bei nisingelima. Lakini fikirieni: serikali imelipa nusu ya ule mfuko, mkulima amelipa nusu, mbolea imeingia kwenye shamba la mteremko lisilo na kinga hata moja, mvua kubwa ya kwanza imekuja, na fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye hiyo DAP, ina tabia ya kung'ang'ania chembe za udongo, udongo ukiondoka inaondoka nao. Hela ya serikali na hela yangu zimeshuka pamoja mpaka kwenye mfereji wa Igurusi. Tumekubali kugawana bei ya kuingiza mbolea shambani, basi tugawane na bei ya kuifanya ikae.

Wapo wanaodhani haya ni mawazo ya ndoto, hakuna serikali inayomlipa mkulima kwa kuchimba makinga. Zipo. Marekani wamefanya hivyo tangu miaka ya 1930, baada ya kulima nyanda zao vibaya mpaka udongo ukapaa ukawa vumbi, vumbi likasafiri likafika mpaka Washington kwenye mji mkuu. Mwaka 1935 wakatunga sheria wakaunda idara nzima ya kuhifadhi udongo. Mpango wao mkubwa wa sasa ulianza na sheria ya kilimo ya 1996, unaitwa EQIP, na unavyofanya kazi ni hivi: mkulima anakwenda ofisi ya wilaya yake, mtaalamu anakuja shambani wanatengeneza mpango pamoja, labda ni ukanda wa nyasi kando ya mto, labda uzio ng'ombe wasiingie mtoni na birika la kunyweshea pembeni, labda shimo la kuhifadhi samadi, labda mazao ya kufunika ardhi. Maombi yanapangwa kwa uzito, wanasaini mkataba, mkulima anafanya kazi, wanakuja kukagua kama imefuata vipimo, ndo hela inatoka. Serikali inaweza kubeba mpaka asilimia 75 ya gharama, na kwa mkulima maskini au anayeanza inaweza kufika asilimia 90, na hao wanaweza kupewa nusu mapema kabla ya kazi. Hapo kwenye nusu ya mapema mimi nilisimama nikapasoma mara mbili, maana ukimwambia mama mjane wa huku achimbe kwanza kwa hela yake afu arudishiwe baadaye, umeshamtoa kwenye mpango kabla hujaanza.

Pia walikutana na tatizo ambalo na sisi litatupata tusipoliangalia. Ukimlipa tu aliyekuwa hajafanya kitu, yule jirani aliyeotesha nyasi zake miaka kumi iliyopita kwa nguvu zake anakaa anaangalia. Kwa hiyo wakaweka mpango mwingine wa kuwalipa wanaotunza vizuri waendelee na waongeze. Hapa tuna wazee kama watatu nawaona kwa macho yangu ambao makinga yao yana umri kuliko watoto wangu. Siku ya ruzuku wasisahauliwe hao.

Lakini sitaki mniamini nusu nusu, nawaambia na kilichowashinda. Wana ziwa kubwa linaitwa Erie. Agosti 2014 mji wa Toledo uliopo kando ya ziwa hilo uliambiwa usiguse maji ya bomba, watu zaidi ya laki nne, siku kama tatu, hata kuyachemsha hayafai, kwa sababu ziwa lilikuwa kijani limejaa mwani wenye sumu, na chakula cha ule mwani kilikuwa fosforasi iliyoshuka na mto kutoka kwenye mashamba. Miaka yote hiyo hela za hifadhi zilikuwa zinatolewa. Tatizo ni kwamba mpango ni wa hiari, hela inakwenda kwa aliyeomba, na aliyeomba siyo lazima awe ndiye ambaye shamba lake linamwaga zaidi. Ukinyunyizia hela kila kata kidogo kidogo ili kila mtu aridhike, mto hautasikia. Mimi nasema tuanze na kijito kimoja kibaya kuliko vyote, tukikamilishe kuanzia chemchemi mpaka barabarani, afu tuhamie kingine, hata kama kijito hicho hakipiti kwetu.

Na msiseme ni mambo ya Wamarekani tu. Morogoro, milima ya Uluguru, mashirika ya CARE na WWF waliendesha mpango ambao watumia maji wa bonde la Ruvu, wakiwemo DAWASCO waliokuwa wanasambaza maji Dar es Salaam, walichangia hela ya kuwalipa wakulima wa juu kule Kibungo Juu waliochimba matuta na kupanda miti. Ni Waluguru wale, wana majembe kama yetu. Na ni Uluguru hiyo hiyo ambako wakoloni miaka ya 1950 waliwalazimisha watu wachimbe matuta kwa amri, usipochimba faini, na mwaka 1955 wananchi wakachoka wakaandamana mpaka ukatokea umwagaji damu, mpango ukafa. Mlima ule ule, kazi ile ile ya jembe. Safari moja watu waliamrishwa, safari nyingine walikaa mezani wakakubaliana malipo.

Na kabla ya mkoloni na kabla ya mradi wowote, majirani zetu Wamatengo wa Mbinga walishakuwa wanalima ngoro. Mliofika kule mmeona, mteremko mzima umejaa mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, majani yanafukiwa kwenye kingo, mvua inaingia kwenye shimo inatulia hapo. Miteremko ile inatisha kuitazama na bado inalimwa. Kwa hiyo akili tunayo huku Kusini, hatuhitaji kufundishwa kwamba udongo ni mali.

Nije kwenye jambo gumu, vinyungu, zile bustani za kiangazi kwenye unyevu wa kando ya mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Naijua, naiheshimu, na naona sababu yake. Lakini mama anayelima kinyungu mwezi wa Agosti, mboga na mahindi ya kuchoma, ndo anayonunulia sabuni na daftari, ukimwambia toka na humpi kitu, atatoka mchana. Alfajiri utakuta kumemwagiliwa. Mpe miche ya mivengi, ile miti ya asili inayopenda maji, na mianzi aipande pale, mlipe kwa ile misimu anayongoja, mwachie ulanzi na majani ya ng'ombe yawe yake, msaidie apate kipande cha kumwagilia nje ya zile mita, hapo atakuwa mlinzi wa ule mto kuliko askari yeyote. Na tafadhali mikaratusi isipandwe kwenye vyanzo. Nimeona chemchemi tuliyokuwa tunachota utotoni imezungukwa na mikaratusi mirefu inapendeza, na pale chini ni mahali pakavu, ndoo huwezi kujaza.

Ndugu zangu wa chini, na sisi tusijifiche. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, ulikuwa unapita kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka mzima mpaka 1993 ulipoanza kukatika kiangazi, na kukatika kule siyo kwa sababu ya viazi vya Uporoto. Ni sisi, mashamba ya mpunga, mageti yanayoachwa wazi usiku, maji yanazunguka kwenye majaruba yasiyo na mmea, na mifugo mingi kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Mto huo huo ndo unakwenda kwenye mabwawa ya umeme, Mtera yenye megawati 80 na Kidatu yenye 204, na mwisho unaingia Rufiji kwenye bwawa la Nyerere. Hebu oneni watu wangapi wamepanga foleni nyuma ya kijito kimoja kinachotoka hapa nyuma ya shule. Na mvua ikinyesha upande wa pili wa milima yetu hii inashuka na Kiwira mpaka Ziwa Nyasa, na ile ya upande wa Songwe inaingia Rukwa, ziwa la kina kifupi ambalo halina mto wa kutokea, kinachoingia humo ndo kimeingia. Jiji la Mbeya lenyewe linakunywa vijito vya milimani. Mji wa New York ulishafanya hesabu hii, mwaka 1997 wakakubaliana na watu wa milima ya Catskill yanakotoka maji yao, mji ukalipia kazi za hifadhi kwenye mashamba ya kule, maana ilikuwa rahisi mara nyingi kuliko kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja. Kwanini bili ya maji ya mjini kwetu isiwe na kipande kinachorudi mlimani?

Kwa hiyo ninachoomba, na mheshimiwa diwani naomba ukibebe hivi hivi. Tunalipa ada ya kibali cha kutumia maji kwenye bodi ya maji ya bonde, sehemu ya ile ada ipangiwe kazi ya huku juu na tuambiwe wazi ni kiasi gani. Halmashauri kwenye bajeti iweke fungu la makinga maji, na isianzishe daftari jipya, zile namba za mbolea tayari zinaonyesha nani analima wapi, zitumike. Mkulima atoe ardhi yake na mikono yake, hilo ni kubwa tayari. Hela ilipie mbegu za majani, vibarua, na ile mistari inayopotea kwa misimu miwili mitatu ya mwanzo mpaka majani yaanze kulisha ng'ombe. Nusu itoke kabla, nusu itoke baada ya ukaguzi, na mkaguzi asiwe mtu wa ofisini peke yake, awepo mmoja wa juu na mmoja wa chini wenye matope miguuni. Na mwaka wa pili wakague tena, maana ya baba yalifukiwa mwaka wa pili.

Sisi wa skimu tumekaa wiki iliyopita tukakubaliana, kabla serikali haijajibu, zile siku za kufukua mfereji tutazigawa. Kila aliyekuwa anatoa siku nne kwenye tope atoe tatu, na moja aje huku aichimbe kwa mwenye shamba atakayekubali. Ni kidogo, najua. Lakini hatutaki kuja kudai serikali ichangie wakati sisi mikono iko mifukoni.

Kaka yangu amekubali kuwa wa kwanza. Shamba lake ni lile pale mnaloliona nyuma ya madarasa, lenye mteremko mkali. Fremu A nimeshaitengeneza, hiyo hapo imeegemea ukuta, fito mbili za urefu kupita mtu, mti wa kukingama, kamba na jiwe linaning'inia katikati. Kamba ikigusa alama ya katikati miguu yote miwili iko sawa, unapigilia kijiti, unazungusha mguu, unapigilia kingine, mpaka umevuka shamba. Mstari wa juu kabisa wa kukata maji tutaupima ulale sawa, ya chini ya viazi tutaiinamisha kidogo. Udongo tunautupa upande wa juu, na mashina ya majani ya gwatemala yapo kwenye gari, tumeyafunika na magunia yasinyauke.

Mvua imekata. Vijana sita wanatosha kwa vijiti, wazee naomba mje mtuelekeze maji huwa yanapita wapi, na mama zangu kama kuna mwenye panga kali anikopeshe, langu nimelisahau Igurusi.